Kubuni ishara za OFDM: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa mawasiliano, fundi wa mnara, au mtu yeyote aliyewahi kusoma kwamba 4G ina vibebaji 1,200 vilivyoachana kwa kilohezi 15, akajiuliza hiyo 15 imetoka wapi. Hesabu zimo, ila nyingi ni za kuzidisha na kugawa tu.

OFDM ni nini, kwa kifupi?

OFDM (orthogonal frequency-division multiplexing) ni kuigawa data inayokwenda kasi katika vijito vingi vinavyokwenda polepole, kila kijito kikapewa kibebaji chake, yaani wimbi dogo la masafa yake. Kisha vibebaji vyote hurushwa pamoja kupitia antena moja. Wi-Fi ya 802.11a, iliyotoka mwaka 1999, ina vibebaji 52: 48 vya data na 4 vya rejea. 4G kwenye chaneli ya megahezi 20 ina 1,200. Televisheni ya DVB-T katika mfumo wake wa 8K ina 6,817.

Kwa nini kujisumbua? Wimbi moja lenye kasi lina ubaya gani?

Ubaya wake ni mwangwi. Ishara ya redio hufika kwa njia ya moja kwa moja, halafu hufika tena ikiwa imegonga ghorofa, kilima, bati la godauni. Ukirusha simboli (vipande vya wimbi vinavyobeba biti) milioni 20 kwa sekunde kwenye wimbi moja, kila simboli hudumu mikrosekunde 0.05, na kwa muda huo redio husafiri mita 15 tu. Mwangwi uliozunguka mita 500 zaidi utaangukia simboli ya thelathini na kitu baada ya ile uliyotoka. Kipokezi kitalazimika kufumua mchanganyiko wa makumi ya simboli kwa wakati mmoja.

Simboli ya 4G hudumu mikrosekunde 66.7, sawa na kilomita 20 za safari ya redio. Mwangwi wa mita 500 unagusa mwanzo wake tu.

Vibebaji vimebanana hivyo, mbona haviingiliani?

Vinaingiliana, tena sana. Ukichora spektra utaona kila kimoja kimepanda juu ya jirani zake. Siri iko kwenye nafasi kati yao: lazima iwe moja gawanya kwa muda wa simboli. Mikrosekunde 66.7 inatoa kilohezi 15, mikrosekunde 3.2 ya 802.11a inatoa kilohezi 312.5. Ukizingatia hilo, ndani ya simboli moja kila kibebaji hukamilisha mizunguko kamili bila kipande, na kipokezi kikikipima kimoja, michango ya wengine wote hujumlishwa kuwa sifuri. Hiyo ndiyo herufi O ya OFDM: orthogonal, yaani visivyogusana kihesabu.

Robert Chang wa Bell Labs alichapisha nadharia yake mwaka 1966. Tatizo lilikuwa vifaa: nani atengeneze oscileta (vizalisha mawimbi) elfu moja zilizopangwa sawasawa? Mwaka 1971 Weinstein na Ebert walionyesha kwamba hazihitajiki, kwa sababu badiliko la Fourier la kidijitali linafanya kazi yote kwa hesabu. Algoriti ya haraka ya kulifanya, FFT ya Cooley na Tukey, ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1965. Kwa nukta 2,048 inapunguza kazi kutoka hatua milioni nne na kitu hadi takriban 22,500. Hata hivyo ilibidi kungoja chipu za bei nafuu, na redio na televisheni za kidijitali za miaka ya 1990 ndizo zilizoifikisha majumbani.

Kiambishi ni nini, na kinakula kiasi gani?

Ni nakala ya mkia wa simboli inayobandikwa mbele yake kabla ya kurushwa. Mwangwi wa simboli iliyotangulia hufia ndani ya kiambishi, kipokezi hukitupa, simboli yenyewe inabaki safi.

Wengi huuliza kwa nini tusiache kimya tu. Ndivyo Weinstein na Ebert walivyopendekeza, na kimya kinazuia simboli kuingiliana. Lakini mwangwi ukichelewa baada ya kimya, dirisha la kipokezi hukuta kibebaji ambacho mizunguko yake imekatwa, na ile hesabu ya sifuri inavunjika. Nakala ya mkia, waliyoileta Peled na Ruiz mwaka 1980, inahakikisha mizunguko imetimia hata kwenye mwangwi uliochelewa. Matokeo yake njia yote ya redio, na miangwi yake, inageuka kuwa kuzidisha kila kibebaji kwa namba moja changamano. Kurekebisha ni kugawanya mara moja. Sijui hila nyingine kwenye redio inayolipa vizuri hivi kwa bei ndogo hivi.

Bei ipo lakini. 802.11a hutumia mikrosekunde 0.8 katika kila 4, yaani asilimia 20 ya muda na ya nguvu. 4G ya kawaida hutumia mikrosekunde 4.7 hivi, takriban asilimia 7, na hiyo inavumilia tofauti ya njia ya kilomita 1.4.

Nichague nafasi gani kati ya vibebaji?

Hapa ndipo ubunifu wenyewe ulipo. Kuna maadui wawili wanaovutana.

Mwangwi unataka simboli ndefu, ili kiambishi kiwe sehemu ndogo ya jumla. Simboli ndefu maana yake vibebaji vilivyokaribiana. Mwendo nao unataka kinyume: mtu akisafiri, masafa anayopokea huhama kwa kiasi cha kasi yake mara masafa gawanya kwa kasi ya nuru, na vibebaji vikikaribiana mno, uhamaji mdogo tu unamwaga kibebaji kimoja ndani ya kingine.

Chukua treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyosanifiwa kwa hadi kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44.4 kwa sekunde. Kwenye megahezi 1,800 uhamaji ni takriban hezi 267, chini ya asilimia 2 ya kilohezi 15. Abiria anaendelea na simu yake. Sasa mpe abiria huyohuyo televisheni ya DVB-T ya 8K kwenye megahezi 600: uhamaji ni hezi 89 tu, lakini vibebaji vimeachana kwa hezi 1,116, kwa hiyo ni asilimia 8, na picha itaanza kuteseka. Si uzembe wa wabunifu. Televisheni ilikusudiwa antena ya juu ya paa, isiyokwenda popote. Walichonunua kwa vibebaji hivyo vya karibu ni kiambishi kinachoweza kufika mikrosekunde 224, sawa na kilomita 67, na kwa hicho minara kadhaa inaweza kurusha kipindi kilekile kwa masafa yaleyale bila kugombana: kwa king'amuzi, mnara wa pili ni mwangwi tu. DVB-T2, ambayo Kenya iliingia nayo kuzima analogi mwaka 2015, imekwenda mbali zaidi na mfumo wa 32K wenye simboli ya mikrosekunde 3,584.

5G haikuchagua namba moja. Ilianza na kilohezi 15, 30, 60, 120 na 240, kila moja mara mbili ya iliyotangulia, ili chipu itumie saa ileile. Kwenye masafa ya gigahezi 28 hutumika zaidi 120, kwa sababu huko oscileta zenyewe hutetemeka fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake), na vibebaji vilivyokaribiana haviwezi kustahimili. Kumbuka tu kwamba kila ukizidisha nafasi mara mbili, kiambishi nacho kinakatwa nusu. Kwenye kilohezi 30 kinabaki cha mikrosekunde 2.3, mita 700 za mwangwi. Mjini panatosha. Bonde pana lenye milima pande zote ni habari nyingine.

Satelaiti je?

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha muundo wa ishara ya Starlink waliouchambua kwa kusikiliza tu. Ni OFDM: vibebaji 1,024 katika megahezi 240, nafasi ya hezi 234,375, kiambishi cha sampuli 32, yaani mikrosekunde 0.13. Ukiwa umeelewa jibu lililopita, namba hizo zinajieleza: chombo kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi ni kubwa, na sahani iliyoelekezwa angani haipati miangwi ya maana, kwa hiyo kiambishi ni kifupi mno.

Wanaposema ishara ina "vilele", wanalalamikia nini?

Hili ndilo jeraha la OFDM, na nadhani vitabu vingi hulipitia haraka kuliko linavyostahili.

Wanaume kumi wakisukuma gari lililokwama kwenye tope, kila mtu kwa wakati wake, gari linatikisika tu. Wakiitikiana wakasukuma pamoja, nguvu inakuja yote kwa mara moja. Vibebaji navyo kwa kawaida husukuma ovyo, lakini kuna nyakati data yenyewe inavipanga vyote upande mmoja. Vikiwa N vya nguvu sawa, kilele kinaweza kufika mara N ya nguvu ya wastani: desibeli 18 kwa vibebaji 64, karibu 31 kwa 1,200 (kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi).

Vyote kukubaliana kwa bahati karibu hakutokei. Kinachotokea kila siku ni kukubaliana nusunusu. Jumla ya vibebaji vingi hufuata tabia ya kelele ya Gauss, na uwezekano wa sampuli kuvuka mara kumi ya nguvu ya wastani ni moja kati ya 22,000 hivi. Inaonekana ndogo. Lakini 4G ya megahezi 20 hupimwa kwa sampuli milioni 30.72 kila sekunde, kwa hiyo ni sampuli zipatazo 1,400 kila sekunde.

Anayeumia ni amplifaya. Ikifikia ukomo wake inakata kilele, na kukata huko kunazaa makosa ndani ya chaneli na uchafu unaomwagikia chaneli ya jirani, jambo ambalo mamlaka ya mawasiliano hailivumilii. Dawa ya kivivu ni kuiendesha amplifaya chini sana ya uwezo wake. Amplifaya ya daraja B ina ufanisi wa asilimia 78.5 kinadharia ikiwa kileleni. Ukishuka desibeli 10 chini unabaki na 25. Robo tatu ya umeme inageuka joto. Kwenye mnara usiofikiwa na gridi, joto hilo ni dizeli, na kama kuna kiyoyozi cha kulifukuza, basi ni dizeli tena. Mtu akiniuliza ufanisi wa ishara uko wapi, mimi huanza na jenereta kabla ya biti kwa hezi.

Vilele vinapunguzwaje?

Njia ni nyingi mno, na majarida yamejaa nyingine ambazo hazijawahi kutoka maabara. Zinazostahili kujulikana ni hizi.

Kukata na kuchuja. Unakata kilele mwenyewe kidijitali kabla amplifaya haijakikata, kisha unachuja uchafu usitoke nje ya chaneli, unarudia mara chache. Makosa yanabaki ndani, lakini kuna bajeti yake: viwango vya 4G vinaruhusu kosa la hadi asilimia 17.5 kwa QPSK, 8 kwa 64-QAM, na 3.5 tu kwa 256-QAM (mipango ya kubeba biti 2, 6 na 8 kwa kila kibebaji, kila mpangilio wa biti ukiwa nukta yake kwenye mchoro uitwao kundinyota). Ndani ya bajeti hiyo vilele hushuka hadi desibeli 7 au 8 hivi.

Kutenga vibebaji. Unaacha vichache bila data, unavitumia kutengeneza wimbi la kupinga kilele. DVB-T2 inalo hili, pamoja na mbinu ya kuzisogeza nje nukta za pembeni za kundinyota la QAM, kule ambako haziwezi kudhaniwa kuwa nukta nyingine.

Kuchagua kati ya matoleo. Unazungusha fezi za data ileile kwa namna kadhaa, unarusha toleo lenye kilele kidogo kuliko yote. Ni safi, lakini kila toleo linataka FFT yake, na kipokezi lazima kiambiwe umechagua lipi.

Misimbo ya Golay. Hii ni hesabu nzuri kwelikweli. Ukipanga fezi za vibebaji kwa jozi za mfuatano alizogundua Marcel Golay, kilele hakizidi mara mbili ya wastani, desibeli 3, daima. Mwaka 1999 Davis na Jedwab walionyesha jinsi mifuatano hiyo inavyoingia ndani ya misimbo ya Reed–Muller, kwa hiyo unapata udhibiti wa vilele na usahihishaji wa makosa kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba kadiri vibebaji vinavyoongezeka, idadi ya mifuatano hiyo inakuwa ndogo mno ukilinganisha na data unayotaka kupitisha. Kwa vibebaji 16 inavutia. Kwa 1,200 sahau.

Kwenye mitambo ya minara, kukata na kuchuja ndiko kulikoshinda, kukiambatana na kupotosha ishara kinyume kabla ya kuiingiza kwenye amplifaya ili upotoshaji wake ujifute, na amplifaya yenyewe ni ya mpango wa William Doherty wa Bell Labs wa mwaka 1936, uliobuniwa kwa ajili ya redio za AM. Sababu ya ushindi si uzuri wa nadharia. Ni kwamba simu ya mteja haihitaji kujua lolote kuhusu hila hizo, kwa hiyo kampuni inaweza kubadilisha mbinu mnarani leo jioni bila kumuuliza mtu.

Kwa nini simu inayorusha 4G haitumii OFDM hiyohiyo?

Betri. Kwenda juu, 4G hupitisha data kwanza kwenye badiliko la Fourier kabla ya kuipanga kwenye vibebaji, na kinachotoka kinafanana na wimbi moja, chenye vilele vya chini. 5G inaruhusu njia zote mbili. Ile ya vilele vya chini hufaa zaidi simu iliyo mbali na mnara.

Nikokotoe vipi kasi?

Anza na 802.11a kwa sababu ni fupi. Vibebaji 48, biti 6 kila kimoja kwa 64-QAM, robo tatu tu ndizo data halisi kwa sababu ya msimbo wa kusahihisha makosa: biti 216. Zigawe kwa mikrosekunde 4. Megabiti 54 kwa sekunde, ileile iliyoandikwa kwenye maboksi ya ruta za zamani.

Kwa 4G: vibebaji 1,200, simboli 14 kila milisekunde, biti 6. Ni megabiti 100.8 kwa antena moja. Kwa antena mbili ni 201.6, toa kama robo ya rejea, udhibiti na msimbo, unapata ile 150 ya matangazo. Ile kasi unayoipata stendi ya mabasi saa kumi na mbili jioni haipatikani kwa kikokotoo hiki, kwani chaneli ni moja na watu ni mia.

Kuna anayefikiri kasi huongezwa kwa kupandisha QAM bila kikomo. Kutoka 64 hadi 256 unapata theluthi moja zaidi. 256 hadi 1,024, robo. 1,024 hadi 4,096 ya Wi-Fi 7, moja ya tano. Kila hatua inadai takriban desibeli 6 zaidi, nguvu mara nne. Faida inapungua, bei iko palepale.

Kibebaji kimoja kikizama kabisa?

Kitazama, hilo ni uhakika. Miangwi hufutana kwenye masafa fulani. Ndiyo maana OFDM bila msimbo wa kusahihisha makosa haifai kwa redio. Biti za neno moja hutawanywa kwenye vibebaji vilivyo mbalimbali, vichache vikizama msimbo unazifufua. Vibebaji vya rejea ndivyo humwonyesha mpokeaji wapi pamezama.

Mbona kingo za chaneli zimeachwa tupu?

Kwa sababu simboli hukatwa ghafla, na kinachokatwa ghafla hutawanyika. Tuta la kwanza la pembeni liko desibeli 13 tu chini, na yanayofuata hushuka polepole. 4G inatumia megahezi 18 kati ya 20, zilizobaki ni ukingo. 5G, kwa kulainisha kingo za simboli na kuchuja vizuri zaidi, hujaza megahezi 98.28 kati ya 100: vikundi 273 vya vibebaji 12 vya kilohezi 30.

Kabla ya 5G kulikuwa na mashindano makali ya ishara mpya zenye kingo safi: FBMC, UFMC, GFDM. FBMC hata haihitaji kiambishi. Mwaka 2016 3GPP, chombo kinachoandika viwango vya simu, ilibaki na OFDM yenye kiambishi. Wapo waliolia. Mimi naona waliamua sawa, kwa sababu antena nyingi hufanya kazi kirahisi sana na OFDM, na FBMC ikikutana na antena nyingi hesabu yake inakuwa ya kuchosha.

Kristali ya simu ikikosea kidogo?

Kosa la sehemu 20 kwa milioni kwenye megahezi 1,800 ni kilohezi 36, zaidi ya vibebaji viwili vya 4G. Kwa hiyo simu haiamini kristali yake. Hujifunga kwenye mnara, na mnara mkubwa unatakiwa usikosee zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni, hezi 90. Mbinu ya Schmidl na Cox ya mwaka 1997 bado ndiyo nzuri ya kujifunzia: rusha simboli yenye nusu mbili zinazofanana, kisha pima fezi imezunguka kiasi gani kati ya nusu na nusu.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nianze na nini?

GNU Octave ni bure. Tengeneza namba 52 za QPSK kwa bahati nasibu, zipange kwenye FFT ya nyuma yenye nukta 256 ili usikose vilele vilivyojificha kati ya sampuli, gawanya kilele kwa wastani, rudia mara 10,000, chora. Utaona nyingi zikikaa kati ya desibeli 6 na 9. Kisha weka fezi zote sifuri. Lazima upate 17.2. Usipopata, kuna kosa kwenye msimbo wako. Mwisho weka fezi ya kibebaji cha k kuwa pai mara k mraba gawanya kwa 52, vibebaji vikiwa vimefuatana, uone kilele kinavyoporomoka hadi desibeli 3 au chini yake.

Ukitaka ishara halisi, kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye USB kinatosha kusikiliza 4G ya megahezi 800. Kurusha ni jambo jingine, kunahitaji leseni ya TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Rekodi katikati ya chaneli kwa sampuli milioni 1.92 kwa sekunde: kwa kasi hiyo FFT ya nukta 128 inaangukia kilohezi 15 barabara. Linganisha rekodi na yenyewe iliyocheleweshwa sampuli 128, na matuta yatajitokeza kila baada ya sampuli 137 hivi. Kila tuta ni kiambishi kimoja.